Vyombo vya Starehe, Injini za Kale na Maneno Yanayozama: Funzo kutoka Ziwa Windermere

1.0 Utangulizi



Yamkini baadhi yenu mlipoisoma mada ya mhadhara huu mlijiuliza mwanaisimu ana shughuli gani na mashua za matajiri wa Uingereza. Swali hilo ni halali. Nami nakiri kwamba nilipoingia kwa mara ya kwanza katika Makumbusho ya Windermere Jetty, niliingia kama mtalii wa kawaida, si kama mtafiti. Nilitoka nikiwa na deni. Mhadhara huu ni jaribio la kuanza kulilipa.

Deni lenyewe ni hili. Katika jumba lile niliona mashua za umri mkubwa zikielea majini, na injini zilizolala tope kwa miaka mingi zikisimuliwa kila kifundo na kila valvu kwa jina lake. Nikajiuliza: sisi tulio na pwani ndefu na maziwa makuu, na lugha iliyozaliwa mdomoni mwa mabaharia, tumehifadhi nini? Hoja yangu ni kwamba chombo na jina la chombo ni mali moja. Anayehifadhi kimoja na kuacha kingine amehifadhi nusu. Nitaanza na historia ya mkusanyo wa Windermere, kisha nitavuka hadi Ziwa Tanganyika, na mwisho nitarejea kwenye maneno yetu wenyewe.

2.0 Ziwa, Reli na Matajiri

Windermere ndilo ziwa la asili kubwa kuliko yote katika England. Liko katika eneo la Cumbria, kaskazini-magharibi mwa nchi hiyo, na urefu wake ni kiasi cha kilometa 17. Kwa mtu aliyezoea Ziwa Nyanza au Ziwa Tanganyika, hilo ni bwawa tu. Hata hivyo, udogo wa maji hauna uhusiano na ukubwa wa historia.

Mwaka 1847 reli ilifika Windermere. Kabla ya hapo, vyombo vya ziwa hilo vilikuwa hasa vya kazi: vya uvuvi, vya kuvusha watu na mifugo, na vya kusafirisha mawe na mbao. Reli ilileta watu wa aina nyingine. Wenye viwanda na wafanyabiashara wa miji ya Lancashire, waliotajirika kwa pamba, chuma na makaa ya mawe, walijenga majumba kandokando ya ziwa. Mwenye jumba ufukweni alihitaji gati, mwenye gati alihitaji mashua, na kwa kuwa fedha zake zilitokana na injini ya mvuke, haikuwa ajabu kwamba mashua yake nayo iliendeshwa kwa injini hiyo. Mashua ya starehe, kwa hiyo, ni mtoto wa kiwanda. Mtambo uleule uliowachosha wafanyakazi mjini ndio uliompumzisha mwajiri wao ziwani.

Mfano bora ni Esperance, iliyoundwa mwaka 1869 na kampuni ya T. B. Seath huko Rutherglen, karibu na Glasgow, kwa ajili ya Henry Schneider, tajiri wa chuma wa Barrow. Ni chombo cha chuma chenye rafadha mbili. Schneider aliishi Bowness, katika jumba la Belsfield. Asubuhi alishuka hadi gatini, akapanda Esperance, akala kifungua kinywa ndani yake wakati mashua ikielekea kusini mwa ziwa, kisha akapanda treni kwenda kazini. Wasomaji wa fasihi ya watoto ya Kiingereza huihusisha Esperance na nyumba ya majini ya Kapteni Flint katika riwaya za Arthur Ransome. Chombo kimoja, basi, kimewahi kuwa usafiri wa tajiri na kielelezo cha mwandishi, na sasa ni kifaa cha makumbusho.

3.0 Mkusanyo na Mwokozi Wake

Mkusanyo wa Windermere una vyombo vipatavyo arobaini. Kuwapo kwake kunatokana kwa sehemu kubwa na juhudi za George Pattinson, mtu wa ukoo wa wajenzi wa eneo hilo, aliyezikusanya mashua za mvuke wakati ambapo watu wengi waliziona kuwa takataka. Hili tulizingatie. Katika miaka ya 1950 mashua ya mvuke haikuwa ya kale vya kutosha kuheshimiwa, wala mpya vya kutosha kutumiwa. Injini ya petroli ilikuwa imekwisha kuishinda. Injini ya petroli huwashwa na kuondoka papo hapo. Ya mvuke humtaka mwendeshaji achochee moto, asubiri maji ya bwela yachemke, ndipo mvuke upate nguvu ya kusukuma pistoni na kuzungusha shafti ya rafadha. Kitu chochote hufikia kipindi hiki cha hatari, kipindi cha kuwa kikuukuu kabla ya kuwa cha kale. Vitu vingi hufia hapo. Maneno pia hufia hapo.

Kito cha mkusanyo huo ni Dolly, mashua iliyoundwa mnamo 1850. Inaaminika kuwa miongoni mwa vyombo vikongwe kabisa duniani vinavyoendeshwa kwa mtambo na ambavyo vingali na injini yake ya asili, injini ya silinda moja. Katika baridi kali ya mwaka 1895 Dolly ilizama katika Ziwa Ullswater, ziwa jirani. Ilikaa chini ya maji na tope kwa zaidi ya miaka sitini. Wazamiaji waliigundua, na mwaka 1962 ikaibuliwa. Tope lililoifunika ndilo lililoihifadhi: lilizuia hewa, na pasipo hewa mbao haziozi upesi wala chuma hakiliwi haraka na kutu. Injini ilifanyiwa ukarabati, na Dolly ikatembea tena kwa mvuke.

Vipo vingine. Raven, ya mwaka 1871, ilikuwa chombo cha mizigo cha kampuni ya reli, na wakati wa baridi ilitumika kuvunja barafu. Branksome, ya mwaka 1896, iliundwa kwa mbao na kupambwa kwa anasa kama sebule ya jumba. Canfly, ya mwaka 1922, ilifungwa injini ya Rolls-Royce aina ya Hawk, iliyobuniwa kwa ajili ya vyombo vya anga vya Vita Kuu ya Kwanza. Yaani injini ya angani ilishushwa majini ili watu wafurahie mwendo. Upo pia mtumbwi mdogo wa makasia aliokuwa akiutumia Beatrix Potter, mwandishi na mchoraji wa vitabu vya watoto. Hata chai ilipata mtambo wake. Katika mashua za ziwa hilo kulikuwa na birika lenye bomba la shaba lililopindwapindwa ndani yake. Mvuke wa bwela ulipopitishwa katika bomba hilo, maji yalichemka kwa muda wa sekunde chache tu. Watu waliufahamu mtambo huo kwa jina la ziwa lenyewe, birika la Windermere.

Hata hivyo, nisingependa mdhani kwamba wenzetu hawapotezi. Starehe ya mwendo ilikuwa na gharama zake: tarehe 13 Juni 1930 Henry Segrave alivunja rekodi ya dunia ya mwendo wa majini katika ziwa hilohilo, na siku hiyohiyo akafa kwa ajali ya boti yake. Mwaka 2005 mwendo wa vyombo ziwani uliwekewa kikomo cha maili 10 kwa saa. Makumbusho yenyewe, yaliyofunguliwa mwaka 1977, yalifungwa mwaka 2006. Mkusanyo ulichukuliwa na taasisi ya Lakeland Arts, lakini umma ulisubiri hadi Machi 2019 ndipo milango ikafunguliwa tena katika majengo mapya. Kwa zaidi ya mwongo mmoja, mkusanyo uliookolewa kutoka kwenye tope ulikuwa umefichwa tena machoni pa watu. Kuokoa si tendo la mara moja.

Majengo mapya yana sifa mbili zinazonihusu leo. Kwanza, ipo gudi ya ndani ambamo baadhi ya vyombo huelea majini badala ya kuwekwa juu ya magogo. Pili, ipo karakana ambamo mgeni huwaona mafundi wakifanya kazi. Maana yake ni kwamba kinachohifadhiwa si ubao na chuma peke yake, bali ujuzi; na ujuzi hauwezi kufundishwa bila msamiati. Fundi akimwambia mwanagenzi amletee kitu, sharti kitu hicho kiwe na jina.

4.0 Kutoka Windermere hadi Tanganyika

Simulizi ya Dolly huniongoza moja kwa moja hadi Kigoma. Mwaka 1913 kiwanda cha Meyer cha Papenburg, Ujerumani, kiliunda meli iliyoitwa Graf von Goetzen. Ilifumuliwa, ikafungwa katika makasha, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, ikapelekwa kwa reli hadi Kigoma, na huko ikaunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata, Wajerumani walipolazimika kuondoka, mafundi walizipaka injini zake grisi nyingi na kuizamisha kwa makusudi. Iliibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarejea kazini kwa jina la Liemba, jina la kale la ziwa hilo. Kama ilivyokuwa kwa Dolly, chombo kilizama, injini ikasalimika. Tofauti ni kwamba Dolly ilisalimishwa na tope kwa bahati, ilhali Liemba ilisalimishwa na watu waliojua kwamba kitu kinachozamishwa leo huenda kikahitajika kesho.

Ziwa hilohilo lilishuhudia boti mbili ndogo za mwendo wa kasi zilizoundwa na Thornycroft, kila moja ikiwa na urefu wa futi 40. Mwaka 1915 Waingereza walizichukua kutoka Uingereza hadi Cape Town kwa meli, kisha kwa reli hadi Katanga, zikakokotwa na mitambo ya mvuke kuvuka milima ya Mitumba, zikapita reli nyingine na mto Lualaba, hadi ziwani. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka boti ya Kijerumani iliyoitwa Kingani, na Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Majina ya boti hizo yanamtekenya mwanaisimu: Mimi na Toutou. Kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson, aliyatoa katika lugha ya watoto ya Kifaransa, yakiwa sauti za paka na mbwa. Lakini zingatieni sikio la Mswahili aliyesimama ufukweni mwa Tanganyika akaambiwa boti hii ni Mimi! Jina halibaki na maana aliyoikusudia mtoaji. Huingia katika lugha ya msikiaji na kupangwa upya humo.

Tukio hilo lilimpa C. S. Forester mbegu ya riwaya ya mwaka 1935, The African Queen, na riwaya ikazaa filamu ya mwaka 1951, iliyopigwa kwa sehemu katika Uganda na Kongo. Mashua ya mvuke iliyotumika katika filamu hiyo iliundwa Uingereza mwaka 1912 na kufanya kazi katika maji ya eneo letu. Leo iko Key Largo, Florida, ambako imekuwa ikiwatembeza watalii. Chombo cha kazi cha Afrika kimegeuka chombo cha starehe cha Marekani.

5.0 Injini Ilivyoingia Katika Msamiati

Sasa tugeukie lugha. Injini ilipoingia katika bahari na maziwa yetu, Kiswahili kilifanya mambo matatu.

Kwanza, kilikopa. Neno stima limetokana na neno la Kiingereza la chombo cha mvuke. Meli limetokana na neno la Kiingereza la barua, kwa kuwa vyombo hivyo vya ratiba ndivyo vilivyoleta barua. Leo hakuna anayekumbuka barua anaposema meli. Manowari ni kirai kizima cha Kiingereza, chombo cha vita, kilichofinyangwa kikawa neno moja. Bwela, silinda na pistoni ni maneno ya namna hiyo.

Pili, kilipanua maana za maneno yaliyokuwapo. Rubani alikuwa mwelekezi wa chombo majini. Sasa ni mwendesha ndege. Usukani ulikuwa wa chombo tu. Sasa ni wa gari, na hata wa nchi. Nahodha amehamia uwanja wa mpira. Neno chombo lenyewe limesafiri kutoka jikoni hadi baharini, kutoka baharini hadi anga za juu, na njiani limechukua redio na magazeti. Lugha ya pwani haikuzama injini ilipokuja. Ilipanda injini hiyo na kusafiri nayo bara.

Tatu, na hili ndilo la kuzingatiwa zaidi, maana ilihama na kuacha kitu chake nyuma. Nchini Kenya neno stima limekuwa jina la kawaida la umeme. Stima ikikatika Nairobi, hakuna anayetazama ziwani. Chombo kimetoweka katika fikra, nguvu imebaki. Tanzania tulichagua umeme, neno la radi na mvua. Nchi mbili jirani, kifaa kimoja, njia mbili za kuwaza: moja ilitazama mtambo wa mwanadamu, nyingine ikatazama mbingu. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu asiende mbali.

Ipo pia thibitisho katika ngeli. Chombo kina ngeli yake ya ki-/vi-, na jahazi lina ya li-/ya-, lakini boti bado linayumba: mmoja husema boti hii, mwingine boti hili, na mara nyingi tofauti hiyo huonyesha namna msemaji anavyoukadiria ukubwa wa kitu au anavyokihisi. Neno la kigeni halijatia nanga mpaka lipate ngeli ya kudumu.

6.0 Maneno Yanayozama

Hayo ni maneno yaliyoelea. Yapo yanayozama. Mashua ya mbao huanza na mkuku; juu ya mkuku husimama hanamu mbele na fashini nyuma; kisha mataruma, mbao, na darumeti. Viungo huzibwa kwa kalafati. Tumbo la chombo hupakwa deheni, na mbao hupakwa sifa. Chini kuna ngama, na farumi ya kukipa uzito. Juu kuna mlingoti, foromali, tanga, joshi na demani. Katika mtepe hapakuwa na msumari hata mmoja. Mbao zilishonwa kwa kamba za nazi. Kila neno kati ya hayo ni uamuzi wa kiufundi uliofikiwa na vizazi vingi.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikikusanya majina hayo kwa fundi mmoja mzee. Aliyataja kwa mpangilio, kuanzia mkukuni, mkono wake ukitembea juu ya ubao huku mdomo ukifuata mkono. Tulipofika kwenye boti ya plastiki ngumu iliyofungwa injini tezini, nilimwomba aendelee. Mkono wake ulisimama. Boti ile haikuwa na mataruma ya kutaja, haikuwa na kiungo cha kukalafati. Ilimiminwa katika kalibu, haikuundwa. Nikatambua kwamba nilikuwa nimefanya kosa katika utafiti wangu wa miaka mingi: nilikuwa nikiwauliza watu maneno wakiwa wameketi kwenye viti, mbali na chombo. Maneno yale hayakuwa kichwani peke yake, yalikuwa mkononi. Chombo kikiondoka, mkono hukosa pa kupita, na ulimi hukosa pa kufuata.

Siwalaumu wavuvi. Mwenye familia ya kulisha hawezi kuambiwa abaki na tanga ili mwanaisimu apate msamiati. Hata wenye mashua za mvuke wa Windermere walihamia petroli bila kuomba radhi. Swali si jinsi ya kuzuia mabadiliko, bali ni nani anayepaka grisi kabla ya kuzamisha.

Zanzibar ilijaribu kulijibu swali hilo. Katika Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, mtepe wa ukubwa kamili ulijengwa na kuonyeshwa kama sehemu ya maonyesho ya utamaduni wa vyombo vya Bahari ya Hindi. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo iliporomoka, na watu wakapoteza maisha. Msiba wa roho za watu hauna mizani na kitu kingine. Lakini tukio hilo linatukumbusha jambo tuliloliona Windermere mwaka 2006: jumba la makumbusho nalo ni chombo, na chombo huweza kuzama.

7.0 Hitimisho

Napendekeza mambo matatu. La kwanza, kila chombo kinachoingia katika makumbusho zetu kiingie pamoja na maneno yake, yaliyorekodiwa kwa sauti ya fundi mwenyewe, akiwa amesimama kando ya chombo. Lebo inayosema jahazi, mbao, karne ya ishirini, haitoshi. La pili, vitengo vya leksikografia vya vyuo vyetu vishirikiane na karakana za kuunda vyombo kabla ya kushirikiana na maktaba. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, na ile ya Sacleux iliyoanza kuchapishwa mwaka huohuo, zimehifadhi msamiati mwingi wa bahari. Lakini kamusi hutuambia neno lilikuwapo, haituonyeshi lilivyotumika mkononi. La tatu, tusisubiri kitu kiwe cha kale ndipo tukithamini. Injini za kwanza za boti zilizoletwa katika pwani na maziwa yetu sasa ni kikuukuu. Zinauzwa kama vyuma chakavu. Ziko katika kipindi kilekile ambacho Dolly ingepotea kama pasingetokea mtu mmoja aliyeona mbali.

Aidha, tusidharau starehe. Nilipoanza utafiti nilidhani vyombo vya kazi pekee ndivyo vinavyostahili heshima ya taaluma. Windermere imenisahihisha. Mtu huonyesha ufundi wake wote anapounda kitu cha furaha, na sisi pia tuna vyombo vya furaha: atakayehudhuria mashindano ya ngalawa au ya majahazi ataona chombo cha kazi kikigeuka cha starehe kwa siku moja, na atasikia maneno ambayo siku za kazi hayasemwi. Hapo ndipo mwanafunzi mwenye daftari na kinasa sauti anapaswa kuwapo.

Wahenga walisema chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Maneno ni nyenzo. Dolly ilikaa tope miaka zaidi ya sitini ikaibuka na injini yake. Neno likizama pamoja na msemaji wake wa mwisho, hakuna mzamiaji atakayeliibua. Wazee wanaoyajua wapo, wachache, na baadhi yao wako umbali wa safari ya pantoni kutoka vyuoni mwetu. Twendeni kwao wiki hii.